Kidhibiti mwendo na hesabu ya jioni

Mwanzoni mwa Februari 2004, wakazi wengi wa Nairobi walikwenda kazini kwa miguu. Matatu hazikuonekana. Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, alikuwa ametangaza kanuni Oktoba 2003, na muda aliowapa wenye magari ulikuwa umekwisha: mstari wa manjano ubavuni, mikanda kwenye viti vyote, abiria wasizidi 14 katika matatu ndogo, dereva na makanga wavae sare, na lililowauma zaidi, kidhibiti mwendo kisichoruhusu gari kupita kilomita 80 kwa saa.

Kifaa chenyewe si cha ajabu. Husoma mwendo, na gari likifika kikomo hupunguza mafuta yaendayo kwenye injini. Dereva akanyage atakavyo, haliongezi. Kwenye dashibodi, 80 na 100 zimekaribiana. Lakini gari likigonga kwa 100, kishindo huzidi kile cha 80 kwa zaidi ya nusu, na breki nazo hudai barabara ndefu zaidi kwa kiasi hicho hicho.

Kwa muda mambo yalinyooka, na ajali zikapungua. Mwishoni mwa 2005 Michuki akahamishiwa Usalama wa Ndani, na ukaguzi ukalegea. Waya wa kidhibiti ukakatwa, au ukafungiwa swichi ya kificho, inayowashwa siku ya ukaguzi tu. Abiria nasi (tusijitoe) tukajifunza kuvuta mkanda kifuani tukimwona trafiki, na kuuachia tukishampita.

Dereva anayekata waya si mwendawazimu. Mwenye gari anamdai kiasi maalumu kila jioni. Kinachozidi ndicho chake. Safari moja ya ziada ni unga wa watoto, na safari hiyo huipata kwa kukimbiza gari. Vidhibiti vya kidijitali, vinavyohifadhi kumbukumbu ya mwendo, vilikuja baadaye, vikaikuta hesabu ya jioni pale pale.

Oktoba 2018 basi la usiku lilipinduka Fort Ternan, Kericho, likaua zaidi ya watu 50. Mwezi uliofuata serikali ikafufua kanuni zile zile, na watu wakatembea tena.

Kanuni za 2003 zilikuwa na kipengele kingine ambacho hakitajwi sana: madereva na makanga waajiriwe ajira ya kudumu. Mwenye mshahara hana haja ya kukimbiza gari kwa ajili ya unga. Mstari wa manjano trafiki anauona kwa mbali. Barua ya ajira haioni. Serikali ikitaka kidhibiti kifanye kazi, ianze kuidai barua hiyo kwa wenye magari.