Ukuaji wa Jiji la Dodoma
Ukuaji wa Jiji la Dodoma ni upanuzi wa makao makuu ya Tanzania pamoja na mipango ya ardhi, maji na usafiri inayouongoza. Uamuzi wa kuhamishia serikali Dodoma ulipitishwa mwaka 1973, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu (CDA) ikaundwa kupanga mji na kupima viwanja. CDA ilivunjwa mwaka 2017. Majukumu yake yakakabidhiwa halmashauri ya Dodoma, na Dodoma ikapewa hadhi ya jiji mwaka 2018.

Katika eneo la jiji, sensa ilihesabu wakazi 410,956 mwaka 2012 na 765,179 mwaka 2022.

Maji ndiyo mtihani mkubwa wa ukuaji huu: eneo ni kame, na kwa miaka mingi jiji limetegemea visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Kwa upande wa ardhi, ofisi za wizara zimejengwa katika eneo la Mtumba. Kwa usafiri, stendi kuu ya mabasi ipo katika eneo la Nzuguni.