Ngege wa Kale wa Ziwa la Victoria

Ukiingia leo katika soko la samaki la Kisumu, ewe msomaji, ukaomba ngege, huenda ukapewa samaki mnono mwenye michirizi iliyosimama wima mkiani. Ni mtamu, hapana shaka. Walakini siye ngege waliyemjua wazee wa Ghuba ya Winam. Huyo ni mgeni aliyetiwa ziwani katika miaka ya 1950, akarithi na jina la mwenyeji wake.

Ngege wa asili ana kichwa kidogo, na mkia wake hauna michirizi hiyo. Wajaluo walimvua kwa migono tangu kale. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, soko likapanuka. Mwaka 1905 nyavu za kigeni zikaingia ghubani, na samaki wakaanza kupungua. Mwaka 1927 Michael Graham alianza kulichunguza ziwa, akashauri macho ya nyavu yasipungue inchi 5. Ndiye pia aliyempa ngege jina la kitaalamu, mwaka 1928, lenye maana ya "aliwaye". Naam, aliliwa sana! Baadaye akaja mbuta, ambaye Watanzania humwita sangara, na katika ziwa kuu ngege akawa kama hayupo.

Je, amekwisha? La. Alisalia katika Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala huko Siaya. Mafunjo mazito, na maji yenye oksijeni haba, yalimzuia mbuta asipite. Lakini yule mgeni wa michirizi aliingia, na yeye huzaana na ngege. Chotara aweza kufanana na ngege hata mvuvi hodari asimtambue.

Hapo ndipo elimu ya jeni, yaani chembe za urithi, inapohitajiwa. Kipande kidogo cha pezi chatosha kuonyesha nasaba ya samaki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulilinganisha jeni za ngege wa Yala na za mgeni huyo, ili kujua damu zao zimechanganyika kiasi gani. Fikiri: mtu akijaza mabwawa yake kwa machotara akidhani anamhifadhi ngege, atakuwa anammaliza kwa mkono wake mwenyewe. Tena akichagua wazazi wa ukoo mmoja tu, vizazi vitadhoofika. Kwa hiyo kabla ya samaki yeyote wa Kanyaboli kupelekwa bwawani kuzalishwa, yafaa kwanza pezi lake lipimwe.