Baraza na Vyama vya Hiari katika Nchi ya Mto Tana



Ni desturi katika ripoti ya mwaka kuanza na hesabu ya fedha, kisha kazi zilizofanywa, na mwisho shukrani. Mara hii imeonekana yafaa kutia pia kurasa chache za historia, kwa sababu shauri ambalo wanachama wengi wamekuwa wakiulizana si shauri jipya. Shauri lenyewe ni hili: Je, yapasa baraza la serikali livisaidie vyama vya hiari, nalo livisaidie kwa njia gani, ili chama kipate nguvu pasipo kuacha kuwa mali ya wanachama wake?

Kabla ya kuwapo baraza lolote lenye karani na sanduku la fedha, Wapokomo wa kando ya mto walikuwa na Gasa, yaani baraza la wazee, lililoamua mambo ya ardhi, ya mashamba ya ukingoni na ya ugomvi baina ya watu. Waorma nao walikuwa na wazee wao wa Matadeda, walioshughulikia malisho na njia za kushukia mtoni kunywesha ng'ombe, ambazo twaziita malka. Mabaraza hayo hayakumlipa mtu mshahara, wala hayakuandika barua. Nguvu yake ilikuwa heshima tu. Lakini tukiyatazama vizuri, twaona kwamba yalifanya kazi moja iliyo kubwa: yaliwawezesha watu kushirikiana. Mtu akijua mpaka wa shamba lake na zamu yake ya kazi, aweza kumsaidia jirani bila hofu.

Mwaka 1924 Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuanzisha Mabaraza ya Wenyeji katika wilaya za Kenya. Mabaraza hayo yalipewa ruhusa ya kutoza kodi ndogo, na kwa fedha hizo yakasaidia shule, zahanati na barabara. Lakini mwenyekiti alikuwa Bwana D.C. mwenyewe, wala azimio halikuwa na nguvu bila ya idhini ya Serikali. Mwaka 1950 sheria nyingine ilileta Mabaraza ya Waafrika ya Wilaya, yenye madaraka zaidi kuliko yale ya kwanza.

Wakati huohuo, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzishwa kazi iliyoitwa Maendeleo ya Jamii. Katika Shule ya Jeanes huko Kabete, iliyofunguliwa mwaka 1925, watu walifundishwa kwenda vijijini kuwafunza wenzao kilimo, usafi, ushoni na uongozi wa vikundi. Mwaka 1952 chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianza chini ya idara hiyo. Hapana haja ya kuficha kwamba Serikali ya wakati ule ilikuwa na makusudi yake ya siasa, hasa katika miaka ya Hali ya Hatari. Hata hivyo kuna jambo moja la kujifunza. Vitu vilivyogawiwa na mabaraza vilichakaa, bali mama aliyejifunza kuandika kumbukumbu za mkutano alibaki na elimu yake, akamfundisha na mwingine. Ujuzi haukurudishwa Kabete pamoja na mwalimu.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963, mabaraza ya kaunti yalichukua mahali pa yale ya wilaya, na Mzee Jomo Kenyatta akatoa mwito wa Harambee. Watu wa nchi nzima wakaitika. Walijenga madarasa kwa mikono yao, kisha wakangoja Serikali ilete walimu. Walijenga zahanati, kisha wakangoja dawa. Mara nyingi vilikuja, na mara nyingine havikuja, na jengo likasimama tupu. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba bidii ya watu peke yake haitoshi, ikiwa hapana mtu wa kuwashauri kabla ya kuweka jiwe la kwanza.

Kisha likatokea jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Kwa sheria ya mwaka 1969, mabaraza ya kaunti yalinyang'anywa kazi tatu kubwa, yaani elimu ya msingi, afya na barabara, na kodi kubwa iliyoyalisha ikachukuliwa na Serikali Kuu. Tangu Januari 1970 mabaraza mengi ya mashambani yalibaki na jina, lakini mkono ulikuwa mtupu, na wahenga walikwisha kusema kwamba mkono mtupu haulambwi. Nchi kama yetu, ambayo utajiri wake ni mpunga, maembe, ndizi na mifugo, na ambayo mafuriko na ukame hupokezana kuipiga, haikuwa na masoko makubwa ya kutoza ushuru. Kikundi kilichozoea kutegemea baraza hakikuwa tena na mlango wa kubisha.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu. Sheria ya mwaka 1998 iliyapa mabaraza ya mitaa sehemu tano katika mia za kodi ya mapato ya taifa, yaani asilimia 5, na tangu 2001 yakatakiwa kuwauliza wananchi wanataka nini kabla ya kutumia fedha. Mwaka 2003 ikaja Hazina ya Maendeleo ya Maeneo ya Bunge. Fedha zilionekana, na majengo pia. Lakini aliyetaka kujifunza kuendesha kikundi hakupata mengi, kwa maana fedha zilifuata mawe na saruji kuliko watu.

Katiba ya mwaka 2010 ndiyo iliyobadili msingi wa mambo. Katika Jedwali la Nne, kazi za serikali za kaunti zimetajwa moja baada ya nyingine, na ya 14 ndiyo ipasayo kukumbukwa na kila mwanachama: kaunti ina wajibu wa kuhakikisha kwamba jamii zinashiriki katika utawala wa mahali pao, na kuzisaidia zipate uwezo wa kufanya hivyo. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 ikaongeza habari za elimu ya uraia. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, baraza la zamani la kaunti likaondoka, na Serikali ya Kaunti ya Tana River ikaanza kazi, ikiwa na wadi 15. Tena mwaka 2022 ilitungwa Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii, itakayo kikundi kiwe na katiba yake na viongozi wanaojulikana.

Basi, twaona kwamba msaada wa kukiwezesha chama si sadaka. Ni kazi iliyoandikwa katika sheria kuu ya nchi. Kinachobaki ni kujua namna ya kuidai.

Katika miji mingi ya Uingereza baraza la mji huwa na desturi ifaayo kutazamwa. Haliwatumi maofisa wake kuongoza vyama. Hutenga fedha, hutangaza kazi waziwazi, kisha hulipa shirika la hiari lenye ujuzi ili livisaidie vyama vidogo kuandika katiba, kutunza hesabu, kuwafunza wajumbe wa kamati na kuomba fedha mahali pengine. Baraza hununua huduma. Chama kidogo hupokea ujuzi. Wala baraza halichagui mwenyekiti wa chama. Hata huko, baraza likipungukiwa na fedha, huduma hizo huwa miongoni mwa za kwanza kupunguzwa. Kwa hiyo nao wana somo letu la 1970.

Wanachama wapenzi, hatari ziko mbili. Ya kwanza ni kukataa kila msaada kwa kiburi, na huku mweka hazina hajui kufunga hesabu. Ya pili ni kukubali kila kitu kwa uchu, hata chama kikageuka kuwa kwaya ya kumwimbia mkubwa anapozuru. Historia yetu imeonyesha mwisho wa njia zote mbili.

Yafaa, basi, Mkutano Mkuu ufikirie kuiomba Serikali ya Kaunti mambo manne. Kwanza, msaada wa mafunzo utangulie msaada wa vitu. Pili, mafunzo yaletwe Wenje na vijiji vya jirani, kwa kuwa mama wa shamba na mchungaji hawawezi kulala siku tatu Hola ili wafundishwe kuandika risiti. Tatu, atakayelipwa kutufunza achaguliwe kwa tangazo la wazi, na vyama viulizwe kila mwaka kama kazi yake imefaa. Nne, mkulima na mfugaji wafunzwe katika chumba kimoja. Twakumbuka damu iliyomwagika katika nchi hii mwaka 2012 na Januari 2013. Msaada ukionekana kuwa wa upande mmoja, utakuwa kuni katika moto uleule.

Nasi kwa upande wetu tuna deni. Chama kinachotaka kusaidiwa sharti kilete daftari lake mezani bila ya kuombwa, kisome hesabu mbele ya watu, na kiweke nakala mahali pa juu ambapo maji ya mto hayafiki. Ada, ijapokuwa ndogo, ilipwe kwa wakati. Mabaraza yamekuja na kuondoka: la 1924, la 1950, la 1963, na hili la sasa nalo laweza kubadilishwa na sheria nyingine. Chama kitakachodumu ni kile ambacho siku fedha za baraza zikikauka, bado kina katibu ajuaye kuandika, mweka hazina aaminikaye, na wanachama wanaohudhuria.

Wazee wa Gasa hawakuwa na hazina, lakini walisikilizwa. Tukipata hazina, tusipoteze kusikilizana.