Chai ya Kenya: Zao Lililokatazwa Mwenyeji

Neno chai ni geni katika lugha yetu kama lilivyo geni zao lenyewe. Asili yake ni Uchina. Kwa jirani zetu wa Kenya, miche ya kwanza, iliyoletwa kutoka India, ilipandwa Limuru mwaka 1903 na walowezi wa Kizungu. Katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalifungua mashamba makubwa huko Kericho, penye mvua karibu mwaka mzima na udongo mwekundu wenye asidi, ambao mmea huu huupenda. Ardhi ile ilikuwa ya Wakipsigis.

Mwafrika aliajiriwa kuchuma chai, lakini hakuruhusiwa kuipanda. Hoja iliyotolewa ilikuwa ubora. Jani likishachumwa huanza kubadilika papo hapo, na lisipofika kiwandani upesi huharibika. Mkulima mdogo, ilidaiwa, asingeliweza jambo hilo. Kuhusu jani, walisema kweli.

Katazo lilianza kulegezwa katika miaka ya 1950, hasa baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954. Kiwanda cha kwanza cha wakulima wadogo kilifunguliwa Ragati, Nyeri, mwaka 1957. Kisha mwaka 1964 ikaundwa Mamlaka ya Maendeleo ya Chai ya Kenya. Dawa yake ilikuwa nyepesi mno, hata mtu hushangaa kwa nini haikutumika mapema: vituo vya kupimia majani karibu na mashamba, na malori ya kuyapeleka kiwandani siku hiyohiyo. Mchumaji hukata majani mawili na chipukizi lake tu. Majani makubwa yaliyokomaa hukataliwa kituoni.

Leo zaidi ya nusu ya chai ya Kenya hutoka kwa wakulima wadogo, nao wana hisa katika viwanda vyao. Nyingi ni chai nyeusi. Ipo pia chai ya zambarau, aina iliyozalishwa na watafiti wa Kenya. (Yoyote mnayonunua, ihifadhini katika chombo kikavu kilichofungwa, mbali na viungo, kwani chai hunasa harufu haraka.)

Mkulima hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo alizopeleka, halafu mara moja kwa mwaka hupokea bonasi. Hapo ndipo ugomvi ulipo sasa: wa magharibi ya Bonde la Ufa huuliza kwa nini bonasi yao ni ndogo kuliko ya wenzao wa mashariki.