Kishindilizi: Mintarafu ya Turbo na Jina Lake

Katika gereji za Kimumu, pale barabara itokayo Eldoret inapoelekea Iten na ukingo wa Bonde la Kerio, hakuna fundi asiyejua jina la kile chombo cha chuma chenye vyumba viwili vya mviringo vilivyopeana migongo, kifungwacho ubavuni mwa injini za malori, matinga na magari ya mbio. Wote hukiita turbo, na mteja huwafahamu pasipo kuuliza tafsiri. Walakini katika Uasin Gishu jina hilo lina kioja chake, kwa kuwa katika njia ya kwenda Webuye upo mji uitwao Turbo, wenye stesheni ya reli, na mtu aweza kutoka Turbo kuja Eldoret kununua turbo asichekwe na yeyote. Mji haukupewa jina na chombo, wala chombo hakikupewa jina na mji: magari ya kwanza ya abiria kuuzwa yakiwa na turbo, nayo ni Chevrolet Corvair na Oldsmobile Jetfire za Marekani, yalitoka mwaka 1962, na wakati huo treni zilikuwa zimekwisha kusimama Turbo kwa miaka mingi.

Jina kamili la Kiingereza ni turbocharger, nalo limeungwa kwa vipande viwili. Turbo ni neno la Kilatini lenye maana ya kimbunga, na vilevile maana ya pia, ile wanayochezea watoto. Maana zote mbili zinastahili, kwa sababu ndani ya chombo mna gurudumu la mapanga liwezalo kuzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Kipande cha pili ndicho chenye utata. Kwa Waingereza ni neno la kutia kitu mahali pake hata pakajaa: baruti katika bunduki, umeme katika betri, mchanganyiko wa hewa na petroli katika silinda. Kiswahili kimelipokea kwa maana ya umeme peke yake, nasi leo tunachaji simu na betri. Kwa hiyo mwandishi aandikaye turbochaja, akadhani amekwisha kutafsiri, humwachia msomaji kazi ya kutafuta waya usiokuwapo.

Neno la kwanza linalomjia mtu wa pwani ni mvukuto. Mhunzi huvukuta ili makaa yapate hewa na moto ukolee, na turbo nayo kazi yake ni kuupa moto hewa. Lakini hewa ya mvukuto hupita ikaenda zake, haibanwi popote, ilhali hewa ya turbo hulazimishwa kuingia nyingi katika nafasi iliyokuwa ya chache. Kitendo hicho tunacho kitenzi chake tangu zama za magobori, nacho ni kushindilia. Gobori hushindiliwa baruti kwa mdomoni, na msemaji wa Kiswahili alikuwa akilitumia neno hilo kwa silaha kabla ya motokaa yoyote kukanyaga ardhi hii. Basi taswira ya bunduki iliyomo katika neno la Kiingereza imo katika letu pia, wala hatukuiazima. Chombo kishindiliacho na kiitwe kishindilizi.

Sifa ya neno hili ni kwamba linataja jinsi kabla ya kutaja namna, kama istilahi njema ipasavyo. Vishindilizi vya injini ni vya namna mbili: kimoja huzungushwa kwa ukanda unaotoka kwenye injini yenyewe, nacho huila sehemu ya nguvu ile ile kinayokusudia kuiongeza, cha pili huzungushwa na moshi unaotoka kwa kasi na joto kuelekea ekzosi, moshi ambao ungalipotea bure. Hiki cha pili ndicho turbo. Ukikiita kishindilizi cha moshi, mkaidi atasema kumbe kinashindilia moshi, na sarufi itakuwa upande wake. Kishindilizi cha pia kingependeza sana kwa ajili ya nasaba yake ya Kilatini, laiti neno pia lisingekuwa na shughuli nyingi mno katika kila sentensi tunayoandika. Mimi nimeridhika na kishindilizi kwa moshi mahali panapohitaji kupambanua, na kishindilizi tupu mahali pengine pote; na fundi wa Kimumu aendelee na turbo yake, kwa kuwa istilahi ya kitabuni haina haki ya kumpokonya mtu neno lililomo mkononi mwake.

Aliyekibuni chombo hiki ni Alfred Büchi, mhandisi wa Uswisi, aliyepata hataza yake mwaka 1905. Mwaka 1918 Sanford Moss, wa kampuni ya General Electric, aliichukua injini ya ndege iitwayo Liberty akaipandisha hadi juu ya mlima Pikes Peak huko Colorado, wenye urefu wa mita zipatazo 4,300, apate kudhihirisha kwamba injini iliyoishiwa pumzi katika hewa hafifu yaweza kurudishiwa nguvu zake kwa kushindiliwa. Kwa hiyo kishindilizi kina nasaba na miinuko tangu ujana wake, na mkazi wa Kimumu ana sababu ya kukielewa kuliko mkazi wa Mombasa. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya bahari. Kanieneo ya hewa, ambayo Mombasa ni kilopaskali 101 hivi, hapa haizidi sana 79, na injini ivutayo hewa kwa nguvu zake yenyewe hupoteza kama moja ya tano ya uwezo wake kabla haijaombwa kazi yoyote. Wanariadha wafanyao mazoezi katika barabara hii ya Iten hukaa juu hata miili yao ikaongeza chembe nyekundu za damu, na hewa hafifu ikawatosha. Injini haina damu ya kuongeza. Wala hatukukawia kuona ushahidi: katika Safari Rally, Toyota Celica yenye turbo ilishinda mwaka 1984, ikashinda 1985, ikashinda tena 1986.

Sasa na tuupime msamiati wetu kwa jambo gumu, nalo ni kufunga kishindilizi katika gari kuukuu la injini ya mzunguko, mathalan Mazda RX-7 ya kizazi cha kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1978. Magari hayo ni nadra Kenya, na hayataongezeka, kwani kanuni hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza, na RX-7 ilikoma kutengenezwa mwaka 2002. Injini yake, asili yake wazo la Mjerumani Felix Wankel, haina pistoni wala valvu: rota mbili za pembetatu huzunguka kila moja katika chumba chake, na moshi hutokea katika tundu lililo ukutani, ambalo rota hulifunua kwa ghafla. Moshi huo hutoka wa moto sana na kwa kishindo, jambo ambalo ni hasara kwa bomba na neema kwa kishindilizi. Mazda wenyewe waliiona neema hiyo, na mwaka 1983 wakaitia turbo injini ya RX-7, ya sentimita za ujazo 1,146, kwa soko la Japani, ikatoa nguvu farasi 165.

Dhara yake ni hii. Katika kila ncha ya rota pamechomekwa ukanda mwembamba uitwao sili ya ncha, uzuiao gesi isivuje kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Hewa iliyoshindiliwa hupata joto, na ikikutana na petroli kidogo kuliko haki yake, mchanganyiko hulipuka ovyo kabla ya zamu. Sili huvunjika, na vipande vyake hutoka na moshi vikaenda kupiga mapanga ya kishindilizi, hivi kwamba mwenye gari huingia gharama mbili kwa kosa moja. Ndiyo maana seti ya turbo si chombo kimoja kiwezacho kufungwa kwa spana na adhuhuri moja. Sharti iwepo njia ya oili ya kulainisha ekseli ya kishindilizi na njia pana ya kuirudisha. Intakula ya kupoza hewa. Pampu ya petroli ambayo msukumo wake hupanda kadiri hewa inavyoshindiliwa. Na kabureta iliyozibwa barabara, ikiwa hewa itapulizwa kupitia humo. Moto wa plagi nao, zilizo mbili kwa kila rota, hucheleweshwa kidogo hewa inaposhindiliwa. Anayenunua kishindilizi akaacha hayo mengine kwa sababu ya bei amenunua ajali.

Hapa ndipo jina linapozaa jina. Kiasi cha kanieneo kilichozidi ile ya nje na kiitwe shindilio. Na shindilio, kama geji inavyolisoma, huhesabiwa kutoka hewa ya mahali gari lilipo. Shindilio la kilopaskali 50 humfikisha mtu wa Mombasa kwenye 151, na mtu wa Kimumu kwenye 129 tu, ingawa mishale ya geji zao imesimama mahali pamoja. Fundi akitaka kumpa mtu wa Kimumu zile 151, kishindilizi hakitaongeza hewa kwa mara moja na nusu kama pwani. Kitaiongeza kwa karibu mara mbili, kitazunguka kwa kasi zaidi, na hewa itatoka ya moto zaidi.

Kinyume chake huonekana gari linapoteremka. Kabureta ambayo jeti zake za kupitishia petroli zimepunguzwa zilingane na hewa hafifu ya Kimumu, ikishushwa kutoka Iten kupitia Tambach hadi chini ya Kerio, zaidi ya mita elfu moja, hukutana na hewa nzito kwa petroli ile ile. Mlango wa kupunguzia moshi, unaokizuia kishindilizi kisishindilie kupita kiasi, hautambui badiliko hilo, kwa kuwa nao hupima kutoka hewa ya nje. Shindilio kwenye geji halibadiliki, lakini hewa iliyomo ndani ya injini imezidi kwa kilopaskali kumi na ushei, na petroli haikuzidi kama inavyopasa. Basi jeti hubadilishwa Iten kabla ya kuteremka, au dereva aende bondeni kwa mguu mwepesi, kishindilizi kisipate kuamka.