Vidoko Nyuma ya Kicheko: Kuitazama Upya "The Gods Must Be Crazy"

Mwaka 1980 mwongozaji wa Afrika Kusini, Jamie Uys, alitoa filamu ya vichekesho iitwayo "The Gods Must Be Crazy". Ni mzaha wa daraja la chini kabisa: watu wanajikwaa, picha zinakimbizwa, na Land Rover isiyo na breki inaning'inia mtini. Hata hivyo ilipendwa mno, kuanzia Japani na Ufaransa hadi Marekani, ilikoingia mwaka 1984.

Kisa chenyewe chajulikana. Chupa ya Coca-Cola yaanguka kutoka kwenye ndege katika jangwa la Kalahari. Watu wa jamii ya Wasan waiokota, waigombania, kisha Xi ajitolea kwenda kuitupa mwisho wa dunia. Aliyemwigiza Xi ni N!xau, Mju/'hoan wa Namibia, aliyefariki mwaka 2003.

Hivi karibuni nimeitazama tena nyumbani, kwa picha angavu na sauti safi. Katika kanda za zamani zilizonakiliwa mara nyingi, mazungumzo ya Wasan yalikuwa kama mikwaruzo ya kanda yenyewe. Leo sikio linatenganisha vidoko. Kipo cha meno, kinachoandikwa /, kilicho karibu na kile tukipigacho tunaposikitika. Kipo kinachoandikwa !, ncha ya ulimi inapobanduka ufizini kwa mlio kama wa kizibo king'okacho. Kipo cha kando ya ulimi, //, mithili ya kile cha kumhimiza punda. Kwetu milio hii ni ishara tu. Katika Kiju/'hoan ni konsonanti kamili, na juu yake hupandishwa toni zinazobadili maana ya neno.

Lakini filamu haikutuachia nafasi ya kuwasikiliza wenye lugha. Juu ya sauti zao yuko msimulizi wa Kiingereza, mpole na mwenye ucheshi, anayetueleza wanachofikiri. Yeye ndiye atuambiaye kwamba watu hawa hawana hisia ya kumiliki kitu chochote. Mtazamaji hucheka, na kauli hiyo hupita kama ukweli usiohitaji shahidi.

Shahidi yupo: ni lugha yenyewe. Kiju/'hoan kina neno n!ore, maana yake eneo la ardhi lenye maji na vyakula vyake, ambalo mtu hulirithi kwa wazazi wake. Kila n!ore ina wenyewe, na mgeni sharti aombe ruhusa. Kina pia neno hxaro, utaratibu wa kupeana zawadi: mtu hupewa shanga au mshale, hukaa nao kwa muda, kisha humpa mwenziwe, naye aliyempa hungoja zawadi nyingine siku zijazo. Watu wasiojua umiliki wangewezaje kuwa na taratibu kama hizi?

Kauli ile ilikuwa na uzito kuliko mzaha. Mwaka 1970 utawala wa Afrika Kusini nchini Namibia ulitenga eneo lililoitwa Bushmanland, na Waju/'hoan wakapoteza sehemu kubwa ya n!ore zao. Wengi walikusanyika Tsumkwe, penye ulevi na kifua kikuu, na wanaume wakaandikishwa jeshini. Mwaka uleule wa 1980 John Marshall alitoa filamu ya hali halisi, "N!ai, the Story of a !Kung Woman". Ndani yake tunawaona wapiga picha wa Uys kazini, kisha tunayaona maisha ya Tsumkwe waliyoyaacha nje ya kamera. Anayesadiki kwamba fulani hajui kumiliki, hataona dhuluma fulani huyo anaponyang'anywa ardhi.

Ndani ya filamu ya Uys mna tukio linalojihukumu lenyewe. Xi amemwinda mbuzi wa watu, ameshtakiwa, naye haelewi hata neno moja la mahakama. Mpudi, aliyeishi na Wasan, ndiye mkalimani wake. Tunaoneshwa wazi kwamba mtu asiyefasiriwa vyema hupoteza haki yake. Kisha msimulizi anaendelea kuwasemea wenzake Xi hadi mwisho.

Nasi tuna jirani wenye vidoko: Wasandawe na Wahadza wa Tanzania, na Wadahalo wa pwani ya Kenya. Mara ngapi tumesikia mzaha juu ya "lugha za ndege"? Mshairi wa Kiswahili, anayepima mizani kwa silabi, angepaswa kuwa wa kwanza kuheshimu ufundi wa ulimi wa mwenzake.

Waju/'hoan wameendelea kujisemea. Kamusi ya lugha yao iliyotungwa na Patrick Dickens ilichapishwa mwaka 1994, na mwaka 1998 hifadhi ya jamii ya Nyae Nyae ikawa ya kwanza ya aina yake kusajiliwa nchini Namibia. Basi tunapoambiwa kwamba kabila fulani "halina neno" la jambo fulani, tumuulize kwanza msemaji: je, umewauliza wenyewe?