Mgeni wa Mtabila na Kipimo cha Haki

Neno hili yubile twalipata katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 25. Basi imetupendeza, katika kijitabu hiki cha shukrani, kukifungua kitabu kile kile katika sura ya 19. Maana humo zimo amri ambazo sisi watu wa Buha tulipimwa kwazo karibu miaka 20, pale Mtabila.

Nchi yetu imepakana na Burundi, na lugha za Kiha na Kirundi zakaribiana hata watu husikilizana pasipo mkalimani. Mwaka 1972, baada ya mauaji makubwa huko, wakimbizi wengi waliingia, nao wakapelekwa kukaa mbali, Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Hata tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye akauawa, vita vikawaka, na watu wakavuka mpaka tena maelfu kwa maelfu. Ndipo yalipopatikana makambi: Mtabila na Muyovosi katika Kasulu, Kanembwa, Nduta na Mtendeli katika Kibondo ya siku zile.

Siku za kwanza mafundisho ya Bwana katika Mathayo 25, juu ya mgeni aliyekaribishwa, hayakuwa magumu kwetu. Mwenye njaa alisimama mlangoni, na mwenye chungu jikoni alijua la kufanya. Lakini wazee walinena, Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilipofika, mtihani wenyewe ukaanza.

Wageni wetu walipimiwa mahindi, maharagwe na mafuta. Chakula kilipopungua, wengi walitoka kambini wakashika jembe katika mashamba ya wenyeji. Amri ya serikali haikuwaruhusu kupita kilomita 4 pasipo kibali. Basi aliyelima mbali zaidi, akinyimwa ujira wake, angemshitaki nani? Kwenda kushitaki kulikuwa kujishitaki mwenyewe. Katika Walawi 19, aya ya 13, mwenye shamba aamriwa kumlipa kibarua wake kabla usiku haujapita. Yatupasa kukiri kwamba wako waliolipa kwa haki, na wako waliomlipa mgeni kidogo kwa sababu hakuwa na mtetezi. Na wote wawili huenda walikutana kanisani Jumapili.

Tena ilikuwapo biashara. Mkimbizi alileta mahindi au mafuta ya mgao, akatafuta ndizi, muhogo, chumvi au sabuni. Walimu, tazameni mpango wa sura ile: aya ya 33 na ya 34 zatuagiza kumpenda mgeni kama nafsi zetu, na mara hiyo, katika aya ya 35 na ya 36, twaambiwa habari za mizani na vipimo. Hazikuwekwa pamoja bure. Upendo kwa mgeni huonekana katika kibaba kilichojazwa sawasawa, kwake na kwa jirani wa siku zote.

Hatusemi kwamba wenyeji hawakuumia. Misitu ilikatwa kwa kuni, mazao yaliibwa mashambani, na unyang'anyi ulitia watu hofu. Wanawake wa kambini nao walikwenda kutafuta kuni kwa hatari kubwa. Maandiko hayamtaki mtu kuyaficha maumivu yake; yamkataza kumtoza asiye na kosa deni la mkosaji. Aliyeibiwa muhogo na Mrundi mmoja, akamnyima Mrundi mwingine ujira wake, ameongeza dhuluma juu ya dhuluma.

Mwaka 2012 serikali iliwaondolea wakazi wengi wa Mtabila hadhi ya ukimbizi. Katika miezi ya mwisho wa mwaka ule watu zaidi ya 30,000 walirudishwa Burundi, na wapatao 2,700 walioonekana kuhitaji ulinzi bado wakapelekwa Nyarugusu. Wako waliofurahi kurudi kwao, na wako waliopanda magari kwa machozi, maana watoto wao walizaliwa hapa na Burundi hawakuijua. Kambi ikafungwa, na mahali pale pakawa kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa. Wala mlango wa Buha haukufungwa: mwaka 2015 machafuko yalizuka tena Burundi, na wageni wakaja Nyarugusu, na baadaye Nduta na Mtendeli.

Ndugu wapenzi, katika yubile watu huhesabu makanisa yaliyojengwa na watoto waliobatizwa, nasi twamshukuru Mungu kwa hayo. Lakini twaomba iwepo na hesabu nyingine. Kila jamaa na ijiulize: yuko mtu aliyelima shamba letu akaondoka hajalipwa? Akiwa yu karibu, na alipwe. Akiwa amekwisha kwenda mbali, haki yake na apewe mgeni atakayekuja kesho. Na kibaba cha nyumbani mwetu kisiwe viwili, cha mwenyeji na cha mgeni.